Majua Mawili Barazani Koboko

Sababu ya safari hii ni simu. Jumatano moja, nikiwa nimebakiza dakika chache niingie hewani, msichana aliyejitambulisha kwa jina la Salwa alinipigia kituoni kwetu Arua kutoka Koboko, akaniuliza kama mimi ndiye niliyesoma redioni habari za jua.

"Jua lipi?" nikamwuliza.

"Ile ya mwaka 2013. Ile ilifunikwa. Ni wewe ulisema watu watoe vitu kwa macho?"

Hakungoja nijibu. Alisema amechumbiwa, na ukoo wa mchumba umesimamisha ndoa. Dada yake mkubwa, Zaituna, haoni katikati ya macho tangu siku ile ya jua, alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Bibi yao mzaa mama naye haoni vilevile, tangu utotoni. Wakwe wakaweka mambo mawili pamoja wakasema hiyo ni damu, na Salwa atawazalia vipofu. Jumamosi wazee wa pande zote mbili wangekaa kwa mara ya mwisho. Alitaka niende nikaseme mbele yao kwamba macho ya dada yake yaliunguzwa na jua, na kwamba aliliangalia kwa sababu yangu.

"Kama hutaki kuja, sema sasa," alisema. "Nisikuweke kwa hesabu bure."

Nilisema nitakuja. Kisha nikaingia hewani nikasoma bei za mahindi.

Lazima nieleze tangazo lenyewe. Novemba ya mwaka ule jua lilipatwa jioni, na watu walimiminika Pakwach, maana huko ndiko mwezi ungeziba jua lote kwa sekunde chache. Karatasi iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilisema mtu yeyote asitazame jua bila kinga. Ya pili ilisema kwamba walioko Pakwach, ndani ya njia ya kivuli, na hao peke yao, wanaweza kuondoa kinga giza linapokamilika, kisha wairudishe upesi. Siku hiyo matangazo ya vifo yalikuwa mengi. Kwetu West Nile, pembe hii ya Uganda, tangazo la kifo halipunguzwi. Usipolisoma lote, na majina yote ya wakwe na wajomba, mtu atazikwa ndugu zake wakiwa shambani hawana habari. Muda ukikosekana, kinachokatwa ni kitu kingine. Nikachukua kalamu. Niliacha maneno "giza likikamilika, ondoeni kinga mtazame," nikafuta Pakwach, nikafuta njia ya kivuli. Nilidhani kila mtu anajua kwamba habari ni ya Pakwach.

Sauti yangu inafika Koboko, na Koboko jua halikuzibwa lote.

Ijumaa, saa tisa alasiri, Ediofe, pembezoni mwa Arua. Kabla ya kwenda kusema jambo mbele ya wazee nilitaka kulielewa. Mwalimu Angelo alifundisha jiografia katika shule za misheni hadi alipostaafu. Sasa anafuga sungura nyuma ya nyumba yake, mwendo mfupi kutoka kanisa kuu, na ndani ana daftari ambamo kwa miaka mingi amenakili orodha za kupatwa kwa jua, za zamani na za baadaye.

"Umekuja kuungama?" alisema aliponiona uso. "Padri iko upande ile."

"Nimekuja kusoma, Mwalimu. Kuungama ni kesho."

Nilimweleza yote. Hakutania tena. Alinitoa uani, akaniambia nifunge jicho moja, nikunje mkono, nilete kidole gumba karibu na jicho hadi kilifunike tangi la maji la jirani. Likapotea lote. Kisha akaniambia ninyooshe mkono polepole. Tangi likaanza kuchungulia pande zote za kidole.

"Kidole ni kile kile, tangi ni lile lile," alisema. "Mwezi nao hivyo hivyo. Kuna siku uko karibu na dunia, unaziba jua lote: huko ni kupatwa kikamilifu, mchana unakuwa usiku. Kuna siku uko mbali, unaonekana mdogo, hautoshi. Ukingo wa jua unabaki pande zote kama pete. Huko ni kupatwa kwa pete. Na mtu aliyesimama nje ya njia ya kivuli, iwe ya giza au ya pete, anaona jua limeumwa tu, limebaki kipande."

"Na lile la 2013?"

"Hilo mseto. Hayo ni machache. Lilianza kama pete mbali huko juu ya Atlantiki, kwa muda mfupi sana, halafu likawa kamili hadi kwetu. Dunia ni mviringo, mama. Sehemu nyingine zimeusogelea mwezi kidogo, nyingine ziko nyuma. Kwa hiyo siku moja, kitu kimoja, mmoja kaona pete, mwingine kaona usiku, na wewe na mimi hapa Arua tumeona kipande."

Aliniambia kwamba penye giza kamili jicho huweza kutazama, lakini penye pete au kipande, hata kikiwa chembamba kama ukucha, jua linaunguza vilevile. Tena hapo linadanganya zaidi, kwa kuwa mwanga umepungua na jicho halikatai kama linavyokataa jua la adhuhuri. Halafu kidonda hakiumi. Mtu analala, anaamka na shimo katikati ya kuona kwake.

Alifungua daftari. Wenye hesabu, alisema, wamerudi nyuma miaka elfu kadhaa. Kivuli kilipita juu ya ardhi hii kabla haijaitwa Koboko wala Arua, kabla askari wa Kisudani, mababu wa Wanubi wa Koboko, hawajafika na bunduki zao. Mahali pengine watu waliandika walichokiona. Huku waliweka midomoni.

"Taabu ya mdomo," alisema, "hauandiki aina. Pete, giza, kipande, yote wanaita siku jua lilikufa."

Kwenye simu Salwa alikuwa amenipa mambo mawili. Bibi yake alikuwa msichana mdogo pande za Malakal, kule Sudan ya wakati ule, baba yake akipika kwenye meli za Nile, na aliliona jua asubuhi. Mzee wa upande wa mchumba, Hajji Ramadhan, aliliona jua likifa akiwa kijana mfanyabiashara huko Bor, Sudan vilevile, naye hushika hilo kama ngao: aliangalia kwa macho matupu na hadi leo anaona. Mwalimu Angelo aliteremsha kidole kwenye kurasa zake. Miaka ya hamsini, Sudan bado haijajitawala, pete ilipita pande za Malakal, asubuhi. Miaka ya mwanzo ya sabini, kupatwa kikamilifu kulipita pande za Bor, alasiri, na giza lilidumu kama dakika tano, jambo ambalo ni nadra.

"Hao wawili wanagombana," alisema, "na hawakuona kitu kimoja."

Nikaomba daftari niende nalo. Alinikatalia.

"Wazee hawatasikiliza hesabu zangu. Waulize wenyewe, watajibu. Na lile lako liseme kwa mdomo wako."

Jumamosi, saa moja asubuhi, Arua. Nilipata nafasi katika pikapu ya Drani, mfanyabiashara wa mihogo kutoka Ayivu anayepeleka magunia Koboko kila wiki. Ayivu tuliipita polepole. Wanawake walikuwa wakianika mihogo kandokando ya lami, na baiskeli zilizobeba mkaa zilitulazimisha kupunguza mwendo mara kwa mara. Drani alikuwa ananitazama tangu nilipopanda.

"Mimi najua hii sauti," alisema tulipofika Manibe. "Wewe ulitangaza kifo ya baba yangu."

Nilimpa pole. Alitikisa kichwa kwa furaha, kana kwamba nimemsifu.

"Ulisoma vizuri sana. Tangazo ilikuwa refu, mpaka wajomba ya Congo, na hamkukata hata jina moja. Watu walifika. Hata yule mukorofi ya Aru alifika, akakula kuliko wote."

Alicheka mwenyewe. Mimi nilitazama nje.

Saa mbili na nusu tulipita Maracha. Mtama ulikuwa umekomaa, na watoto walikuwa wakitupa mawe kuwafukuza ndege. Drani aliniuliza naenda kwa nani. Nilimwambia ni habari ya ndoa. Akasema Wanubi wa Koboko wanaoa kwa pilau na maneno, na maneno ndiyo mengi. Kisha akauliza mimi nipo upande gani, wa mume au wa mke. Nikasema wa mke.

Saa tatu na nusu, Koboko. Mji umekaa kwenye kona ambapo Congo iko upande huu na Sudan Kusini upande ule, na soko lake linaonyesha hivyo: vitenge vya Congo, sabuni ya Kampala, akina mama wa Sudan Kusini wakichagua maharagwe punje kwa punje, na pikipiki zinazopenya katikati ya yote hayo zikipiga honi. Drani alinishusha karibu na msikiti. Salwa alikuwa ananingoja, msichana mrefu mwenye hina mikononi iliyokwisha kufifia. Nadhani ilipakwa mwanzoni, kabla mambo hayajasimama.

"Umekuja kweli," alisema, kisha akanichukulia mkoba kwa nguvu, kama anayeogopa nitageuka.

Nyumbani kwao, ukumbini, Zaituna alikuwa ameketi mkekani akisuka kifuniko cha chakula kwa ukindu wa rangi. Vidole vyake vilikwenda haraka bila macho kuvifuata. Nilipomsalimu aligeuza uso, akautazama ukuta ulio pembeni ya sikio langu. Nikadhani hataki kuniona. Baadaye nilijua kwamba hivyo ndivyo anavyomwona mtu, kwa pembe ya jicho.

"Wewe uko na kitambaa ya bluu," alisema. "Uko na heleni. Sura hapana. Pale kwa sura iko kama moshi."

"Ni hivyo tangu siku ile?"

"Tangu kesho yake. Niliamka nikasema mama, kwa nini unaficha uso."

Nilimwomba anieleze siku yenyewe. Walikuwa uani, alisema, wote na vipande vya filamu ya eksirei, redio ya mjomba iko dirishani. Jua lilikuwa limeshuka upande wa Congo. Kukaanza kuwa kama magharibi, kuku wakakimbilia bandani, mbwa akalia. Mama yake akasema giza ndiyo hiyo, redio imesema. Zaituna akatoa filamu. Akaangalia.

"Wengine waliangalia kidogo," alisema. "Mimi nilikuwa na kichwa ngumu. Nilitaka kuona mpaka iishe."

Hakusema zaidi. Nilitaka kumwomba radhi pale pale, lakini wageni walikuwa wanapiga hodi.

Saa tano, baraza. Viti vya plastiki vilipangwa uani, wanaume upande mmoja, wanawake ukumbini. Mwenyeji alikuwa mjomba wa akina Salwa, Khamis, mtu mpole anayefuta jasho hata kivulini. Kwa upande wa pili alikuja Hajji Ramadhan, babu mdogo wa mchumba, mkavu, kanzu nyeupe, macho makali kweli. Pamoja naye alikuja shangazi wa mchumba, Mariam, ambaye sauti yake ilitangulia mwili. Mchumba mwenyewe hakuwepo. Alikuwa Ariwara, ng'ambo Congo, sokoni. Bibi Halima, bibi wa mabinti hao, alitolewa na kuketishwa mlangoni, kichwa kimeinama upande.

Baada ya dua Khamis alinitambulisha. Shangazi Mariam hakungoja.

"Sasa mumeleta mutu ya redio? Mutu ya redio atatibu damu?"

"Mwache aseme, Mariam," Khamis alisema.

"Aseme. Redio haichoki kusema."

Nilisimama. Nilieleza karatasi ilivyokuwa na aya mbili, vifo vilivyokuwa vingi, kalamu, na maneno niliyoyafuta. Sikutafuta namna ya kuyapamba. Nilisema kwamba hapa Koboko jua halikuzibwa lote, kwa hiyo hapakuwa na saa hata moja ya kuondoa kinga, na kwamba niliyewaambia waiondoe ni mimi. Nilisikia ukindu wa Zaituna ukikwaruza, kisha ukaacha.

Hajji Ramadhan alinyoosha fimbo kidogo, si kwa ukali.

"Mama, mimi nakushukuru. Si kila mutu anakuja kujifunga mwenyewe. Lakini hiyo haitoshi. Mimi niliona jua ikikufa, Bor, mimi kijana. Niliangalia na hii macho, bila kitu. Dakika nyingi. Leo nina miaka sabini na kitu na ninapiga kanga na manati. Jua haipofushi mutu. Huyu bibi aliangalia yake, akapofuka. Mujukuu yake akaangalia yake, akapofuka. Mimi hapana. Sasa tofauti iko wapi? Iko kwa damu."

Watu wa upande wake walitikisa vichwa. Niseme kweli, kama nisingalipita Ediofe ningalikubali. Nilimwomba ruhusa nimwulize.

"Uliza."

"Hajji, siku ile Bor, kabla giza halijaingia, ulikuwa wapi?"

"Ndani. Wazee walitufungia ndani ya duka. Walisema jua inakufa, isituone."

"Mkatoka lini?"

"Giza ilipoingia. Giza kabisa, nyota juu, mchana! Tukatoka tukaona kitu nyeusi mbinguni na nywele nyeupe pande zote. Watu walilia."

"Na mwanga uliporudi?"

"Tulikimbia ndani tena. Mimi wa kwanza." Alisitasita. "Nilikuwa na mbio siku hizo."

Watu wakacheka kidogo, hata shangazi. Nikageuka kwa Bibi Halima. Nilimwuliza, Bibi, siku yako Malakal, giza lilikuwaje?

"Giza?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Giza hapana. Nani alikuambia giza? Ilikuwa asubuhi, tumekunywa chai. Nuru ilikuwa kama ya mvua. Jua ilikuwa bangili. Bangili ya dhahabu, katikati nyeusi. Niliita mama, nikasema mbinguni iko bangili. Nikaangalia mpaka ikafunguka."

"Nyota?"

"Nyota iko wapi asubuhi?"

Hajji Ramadhan alikaa mbele kidogo kwenye kiti chake. "Bangili," alisema. "Moto pande zote?"

"Pande zote."

"Sisi hatukuona moto. Kwetu moto ilikuwa imezimwa."

Nilimwonyesha kwa kidole gumba na paa la msikiti, kama nilivyoonyeshwa. Alifunga jicho moja mbele ya watu wote bila aibu, akakunja mkono, akaunyoosha, akaukunja tena. Nilimweleza kwamba jua lake lilikuwa limezibwa lote, na alilitazama likiwa limezibwa tu. La Bibi lilibakiza ukingo mzima. La Zaituna lilibakiza kipande. Jina ni moja, siku jua lilipokufa, lakini la Bor pekee ndilo lililokufa.

"Na sisi tulifungiwa," alisema polepole. "Tungeachwa nje mapema, tungekuwa kama wao."

"Ndiyo, Hajji."

Hajji aliilaza fimbo magotini. Kisha akamwambia Khamis, kwa sauti ya kawaida, kwamba damu ya nyumba hii haina neno, na siku ya nikaha ipangwe. Shangazi Mariam alisema yeye alijua tangu mwanzo. Hakuna aliyembishia. Ukumbini wanawake walipiga vigelegele, na Salwa akaficha uso kwenye bega la bibi yake.

Zaituna hakupiga kigelegele. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono ukutani.

"Hajji," alisema. "Rudia kidogo. Damu yangu haina neno?"

"Haina, binti yangu."

"Hata mimi? Ningezaa mutoto, angeona?"

Mzee alinitazama mimi. Nikasema ndiyo, angeona.

Zaituna alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayehesabu. Kisha akasema, akitazama pembeni ya watu wote, kwamba aliposwa mara mbili. Wa pili alikuwa fundi pikipiki, mtu mzuri, alikuja mara tatu. Hakuzuiwa na ukoo wake. Yeye Zaituna ndiye aliyemkataa. Alisema hawezi kumletea mtu mwenye macho mazima watoto wa kuangalia pembeni. Yule fundi alioa mke kutoka Oraba na ana watoto wanne, na kila Ijumaa anapita barabara hii kwenda msikitini na wale wakubwa wawili.

"Wanapita hapa," alisema. "Mimi nasikia viatu."

Khamis alifuta uso. Baadaye wali uliletwa, na watu wakala, maana ndoa ilikuwa imepona na furaha ilikuwa haki ya Salwa. Mimi nilikula matonge mawili.

Saa tisa alasiri nilimfuata Zaituna nyuma ya nyumba, alikokuwa akiosha ukindu. Nilimwomba msamaha. Aliendelea kuosha. Nikamwambia Jumatatu nitasimama hewani nitangaze kosa langu mbele ya West Nile nzima.

"Utatangaza kosa yako," alisema. "Halafu watu watasema, huyu mama ya redio iko na roho nzuri. Watapiga simu kukupa pole. Watasema Zaituna amesamehe. Mimi sijasema."

"Sitasema umesamehe."

"Hawatangoja useme." Alikamua ukindu. "Redio yako ilifika wapi siku ile?"

"Yumbe. Maracha. Moyo. Ng'ambo, mpaka Aru na Yei."

"Na mimi peke yangu ndiye nina masikio?"

Akachukua fungu lingine la ukindu.

"Wewe ulifikiri ni mutu moja kwa sababu moja ndiye alipiga simu. Na aliyepiga si mimi, ni Salwa, na Salwa alikuwa na ndoa. Wale hawana ndoa, watapiga kwa nini? Wamekaa na damu yao. Nenda uwaulize. Hapana sema kwanza kosa yako. Uliza wao wako wapi."

Kisha akaniambia gari za Arua huwa zinajaa mapema Jumamosi, nisichelewe. Hakunipa mkono, nami sikuutafuta.

Saa kumi niliondoka Koboko katika gari dogo, tukiwa watu wanne na kuku. Njia nzima hadi Maracha jua lilikuwa mkono wangu wa kulia, upande wa Congo, na nilijikuta nimelikinga kwa gazeti. Nilikuwa nimekwenda nikidhani nabeba kosa lenye jina moja na nyumba moja. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kuombea radhi, na nilikuwa nimeyakata vizuri, kwa kipimo.

Jumatatu, Arua. Meneja wetu alisoma nilichoandika akauliza kama nataka kufunga redio. Nilimwambia nataka kusoma, naye akinizuia nitakwenda kusoma sokoni. Tulibishana hadi karibu na saa saba. Mwishowe akasema, soma, lakini dakika mbili tu, kuna vifo. Nilimwambia safari hii vifo vitangoja.

Nilichojifunza katika safari hii nilikisema hewani kwanza, kwa maneno ya kawaida. Kuna jua linalozimwa lote, kuna linalobaki pete, kuna linalobaki kipande, na mzee wako akikuambia aliona jua likifa, mwulize lilikuwa na umbo gani kabla hujafuata mfano wake. Halafu nikauliza kama nilivyoagizwa. Kama mwaka 2013 uliondoa kinga uliposikia redio hii, na tangu hapo nyuso za watu zina moshi katikati, hiyo si laana na si damu ya ukoo wako. Uko wapi? Nikataja namba.

Simu ya kwanza ilitoka Yumbe. Alikuwa mwanamume, akauliza kama anaweza kusema bila kutaja jina, na kama watoto wake sasa wanaweza kuambiwa kwamba si damu. Nilipokuwa ninaandika maneno yake, simu ya pili ilikuwa tayari inaita.